Kushusha Gari kwa Kipimo cha Mama

Jumapili, 16 Machi

Mvua imeanza leo saa tisa alasiri bila hata kubisha hodi. Nilikuwa nimeanika nguo tatu za wateja nyuma ya nyumba. Nikatoka mbio kuzianua, nikarudi nimelowa chapachapa, na gauni moja la harusi likiwa na tope pindoni. Nimelifua upya. Mwenyewe hatajua, na asiponiuliza sitamwambia.

Naandika kurasa za nyuma za daftari langu la vipimo. Kurasa za mbele zimejaa viuno na mabega ya watu, hizi zimekaa bure tu. Atakayelisoma siku moja asishangae kukuta kiuno cha jirani upande mmoja na mambo ya nyumba yangu upande wa pili. Mshonaji ndivyo alivyo, hawezi kuona nafasi tupu akainyamazia.

Baada ya chakula Mama alijaribu tena kumpigia simu mdogo wake.

"Nasema, hujambo!"

"Nani?"

"Mimi! Dada yako!"

"Nani huyo? Sema basi!"

Robo saa nzima. Mwishowe Mama akaiweka simu mapajani, akawa anaitazama. "Nimepiga kelele mpaka jirani kaniitikia," akasema, "yeye hanisikii."

Mama ana miaka themanini na mmoja, Mama Mdogo sabini na minane. Hawajaonana tangu Mama avunjike nyonga, mwaka mmoja na miezi minane sasa. Mama Mdogo anamuuguza mumewe aliyelala kitandani, hawezi kumwacha hata nusu saa. Kilichokuwa kimebaki ni simu, na sasa masikio ya Mama Mdogo yamegoma. Nimejisikia vibaya sana leo.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Nimepunguza suruali tatu za mtu mmoja. Amekonda, hasemi kwa nini, nami sikumuuliza.

Jumamosi, 22 Machi

Kelele amekuja kumwona binti yangu. Hilo si jina lake, ni jina alilopewa na mtaa, na binti yangu akilisikia ananuna. Ni karani wa bohari, kijana mpole, salamu zake nzuri. Tatizo ni lile gari lake. Ameliinua, akalivisha magurudumu makubwa yenye rimu za kung'aa, na mbele kwenye injini amelifungia mabomba manne ya moshi yanayokutana chini ya gari kuwa moja. Akikanyaga mafuta, vikombe vyangu kabatini vinasalimiana. Tunamsikia akiwa bado mtaa wa tatu.

Mwaka jana niliwakusanya majirani, tukajenga tuta la saruji mbele ya lango langu kwa ajili yake. Niseme ukweli, nilisema ni kwa ajili ya usalama wa watoto, lakini nilikuwa namfikiria yeye. Tulilijenga kwa macho bila kupima, likawa refu kuliko matuta yote ya mji. Yeye akalipanda na yale magurudumu yake kama mtu anavuka kizingiti. Hakujua hata kama ni lake.

Habari kubwa ni hii. Mtoto wa kiume wa Mama Mdogo ameleta ujumbe kwamba mwisho wa mwezi wa tano atakuja kuwachukua wazazi wake wote wawili, wakaishi kwake. Ni safari ya siku mbili kutoka hapa. Mama akauliza, "Siku mbili kwa gari?" Nikamwambia ndiyo. Akaiacha chai yake mpaka ikapoa. Halafu akasema, "Basi nipelekeni kabla hajaondoka."

Ni rahisi kusema. Teksi tulishaijaribu. Kiti chake kiko chini sana, Mama aliingia vizuri, kutoka akashindwa, ikabidi wanaume wawili wamvute. Gari la Kelele nalo tulilijaribu, liko juu mno. Kupanda kigoda daktari kamkataza, ule mguu hauinuki. Basi vijana wakambeba. Kandambili moja ikaanguka njiani, watu wakasimama kutazama, na Mama akasema, "Nishusheni. Mimi si gunia." Wakamshusha, akarudi ndani taratibu kwa mkongojo wake. Tangu siku hiyo hajatoka nje ya lango.

Jumapili, 23 Machi

Nimepata wazo, na kama mawazo yangu yote limetoka kwenye futi.

Mama anakaa na kuinuka mwenyewe kwenye kiti kimoja tu duniani, kile cha dirishani. Leo nimekipima kutoka sakafuni hadi pale anapokalia, inchi ishirini na moja. Kisha nikatoka na mwavuli nikapima kiti cha gari la Kelele, ishirini na sita. Mwenye teksi wa kona akaniruhusu kupima na lake, ananicheka, kumi na saba.

Kwa hiyo Mama si kwamba hawezi kupanda gari. Hajapata gari la saizi yake. Nimefungua ukurasa wake wa vipimo, chini ya kifua na kiuno nimeongeza, Kukaa: 21.

Nilipomweleza, alicheka kwa sauti. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mwaka juzi. "Kwa hiyo unataka kunishonea gari?"

"Nataka kulipunguza tu, Mama."

Jumatano, 26 Machi

Nimemwambia Kelele. Ilinichukua siku tatu kupata maneno, maana sikumbuki kama nimewahi kumwambia jambo jema zaidi ya "karibu" na "kwaheri". Nikamwambia nataka ashushe gari lake inchi tano kwa ajili ya bibi.

Akalitazama gari, akamtazama Mama dirishani.

"Kulishusha sawa, mama. Ila magurudumu naomba yasiguswe."

Nikamshukuru. Moyoni nikasema, huyo ndiye, hata kwa bibi kizee anaweka masharti.

Jumamosi, 29 Machi

Tumelipeleka gari gereji kwa mdogo wangu. Yeye ni fundi wa magari kwa miaka ishirini, na dawa ya kila kitu kwake ni kwanza kukicheka.

"Dada, hili gari si sketi."

"Kushusha ni kushusha."

Akaingia chini, akatoka, akatueleza. Juu ya springi kuna vipande vya chuma vilivyowekwa kuliinua, ili yale magurudumu makubwa yasiguse madigadi. Akivitoa na kufunga springi fupi, litashuka inchi nne. Inchi ya tano nikajitolea mimi, nitaipunguza kwenye sponji ya kiti. Zaidi ya hapo Mama atakuwa anakalia vyuma.

"Na hayo magurudumu?" Kelele akauliza.

"Yatabaki na nafasi ya kidole," Fundi akasema. "Kidole kinatosha."

Springi fupi hazipo hapa, ameagiza.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua usiku na mchana. Springi hazijafika. Nimeshona sare kumi na mbili za shule.

Jumatatu, 7 Aprili

Springi hazijafika. Mama ameuliza mara mbili, mara ya pili akijifanya anauliza habari za mvua.

Jumatano, 9 Aprili

Springi zimefika. Gereji imejaa maji mpaka kwenye vifundo vya miguu. Fundi anasema hawezi kuweka jeki kwenye tope, gari litamlalia. Tunasubiri.

Jumamosi, 12 Aprili

Inchi ishirini na moja! Nimepima mara tatu, na mara ya nne nikampa binti yangu apime asije akasema nimevuta futi. Ishirini na moja kamili. Gari limekaa vizuri, limejaa chini kama gauni lililopata mwenyewe. Kelele alizunguka akilitazama, akakiri kwamba linapendeza kuliko zamani. Hata mimi nimeona. Kesho tunalijaribu barabarani bila Mama, halafu wiki ijayo safari.

Nimelala mchana huu kwa furaha, jambo ambalo silifanyi kamwe.

Jumapili, 13 Aprili

Aibu yangu naiandika mwenyewe.

Tuliondoka gereji watu wanne. Kelele kwenye usukani, mimi kwenye kiti cha Mama, binti yangu nyuma, na Fundi pembeni yake na sanduku lake la spana. Tulipokata kona ya kwanza nikasikia kitu kinasuguana, halafu harufu ya mpira ulioungua. Kelele akasema, "Ni matairi, yanakula madigadi." Tukaenda polepole kama msafara wa maziko. Kila shimo, kruu. Matuta ya mjini tukayapita kwa mashaka.

Tukafika langoni kwangu. Tuta langu lilikuwa limezuia maji ya mvua upande mmoja, kama bwawa. Kelele akalikabili taratibu, magurudumu ya mbele yakapanda, yakashuka, kisha chini ya miguu yangu ukatokea mlio ambao sijawahi kuusikia hata kwa cherehani iliyovunjika sindano. Yale mabomba ya moshi yalikuwa yamekaa juu ya tuta. Gari likagoma, mbele haliendi na nyuma halirudi.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alikuwa amesimama na mwavuli wake. Yeye ndiye aliyekoroga saruji ya tuta lile mwaka jana. Akainama, akachungulia chini ya gari, akainuka.

"Mama Mshonaji, tuta lako linafanya kazi."

Tulishuka wote, wanaume wakalisukuma mpaka likatoka. Mama alikuwa dirishani, ameona kila kitu.

Kosa ni langu. Nilipima gari likiwa tupu. Mimi! Mimi ninayemwambia kila mteja, kabla sijakata suruali, "Haya sasa kaa chini," kwa sababu mtu akikaa si yule aliyesimama. Gari tupu ni mtu aliyesimama. Tulipoingia wanne likazama inchi nzima na nusu, na kile kidole cha nafasi kikaisha.

"Miaka ishirini ya ufundi," Fundi akasema akikamua shati, "halafu nimemsikiliza dada yangu na futi yake." Lakini alikuwa anacheka. Kelele hakucheka. Alikuwa amepiga magoti kwenye maji, anapapasa mabomba kwa vidole.

Jumatatu, 14 Aprili

Hukumu ya Fundi. Magurudumu makubwa hayawezi kubaki, yatamaliza madigadi. Wakifunga yale madogo ya mwanzo gari litashuka inchi moja zaidi, lakini hiyo ataifidia kwa kurudisha kipande chembamba cha chuma juu ya springi. Hilo halina shida. Shida ni mabomba. Yananing'inia chini mno. Matuta ya mjini watayapita, langu hapana, hata dereva akiwa peke yake. Ama mabomba yatoke, lifungwe bomba la kawaida la kimya lililobana juu, ama tuta lishuke.

Na Mama hawezi kwenda kupandia ng'ambo ya tuta. Saruji inaishia langoni, baada ya hapo ni tope la kuteleza.

Kelele alisikiliza yote. Akasema, "Nimeelewa," akaondoka kwa miguu kwenye mvua, gari akaliacha gereji.

Alhamisi, 17 Aprili

Hajaja. Simu yake haipokelewi.

Jumapili, 20 Aprili

Hajaja. Binti yangu anajifanya ana mafua. Mama ameniuliza, "Mume wangu kakasirika?" Ndivyo anavyomtania, mume wangu, naye humwitikia "Naam, mke wangu" kwa heshima zote. Nikamwambia kakasirika kwa ajili ya magurudumu. Mama akasema, "Huna hakika." Kweli sina, lakini nimelisema kwa sauti ya mwenye hakika.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua. Nimeharibu kola mbili. Hasira na mkasi havikai meza moja.

Jumamosi, 26 Aprili

Saa nne asubuhi nikasikia kitu kinagonga lango. Kelele, kalowa tangu utosini, anasukuma mkokoteni wenye magurudumu manne madogo.

Yale ya mwanzo alimwachia mtu fulani zamani, na yule mtu akahama, na simu ya Kelele iliingia maji siku ileile aliyoondoka hapa. Kwa siku kumi na mbili, kila akitoka kazini amekuwa akizunguka kuuliza mtaa kwa mtaa. Jana akampata. Wakabadilishana, yeye akatoa rimu zake za kung'aa na kuchukua haya ya chuma cheusi.

"Mama, samahani nimechelewa," akaniambia. "Na mabomba nayo atoe tu. Bibi aende."

Sikujua pa kuweka uso. Siku kumi na mbili nimemsema vibaya kwenye kurasa hizi na mezani mwangu, kumbe anatembea kwenye tope kwa ajili ya mama yangu. Nikampa taulo na chai, nikamwomba msamaha. Akasema, "Kwa lipi, mama?" Sikumwambia kwa lipi.

Mchana tukaenda gereji. Gari lilikuwa juu ya mawe, na Fundi alikuwa ameshika spana, tayari kufungua mabomba. Nikataka kuyaona kwanza, hayo yaliyonikosesha usingizi mwaka mzima. Nikainama, nikaingia chini na tochi.

Sikutegemea nilichokiona. Kila pale bomba lilipopindishwa na kuungwa kulikuwa na mshono wa kuchomelea, mwembamba, uliokwenda sawa mwanzo hadi mwisho, tone moja halijazidi jingine. Mabomba manne, kila moja mapindo matano, na yote yana urefu uleule. Nimeshona miaka thelathini na miwili, najua mshono wa mtu mwenye haraka na wa mtu mwenye subira.

"Nani aliyaunga haya?" nikauliza nikiwa kulekule chini.

"Mimi, mama," Kelele akasema. "Nilijifunza kuchomelea kwa ajili yake. Miezi saba, kila jioni. Mawili ya kwanza niliyatupa."

"Kwa nini yawe na urefu sawa?"

Akachuchumaa, akanieleza namna moshi wa kila bomba unavyopaswa kufika kwa zamu yake bila kugongana, na kwamba ile sauti ndiyo inayokuonyesha kama umepima vizuri. Nikasikiliza. Mwaka mzima nilidhani ni kelele tu za kutaka kutazamwa.

Fundi akauliza, "Dada, nifungue au nisifungue?"

"Usifungue," nikasema. "Yale yaliyobonyea yanyooshe tu. Tuta nitalishusha mimi."

Wakanitazama wote wawili kama nimesema nitaruka kwa mabawa.

Jumapili, 27 Aprili

Nimekwenda nyumba kwa nyumba kuwakusanya majirani walewale. Tulikaa barazani kwangu, mvua inapiga bati, ikabidi niseme kwa sauti, na maneno yenyewe hayakuwa ya kusemwa kwa sauti. Nikawaambia kwamba mwaka jana sikuwa na nia safi kama nilivyojionyesha. Nikawaeleza habari za Mama na mdogo wake. Nikaomba tuta lipunguzwe liwe kama ya mjini.

Mwalimu akasema, "Wewe ndiye uliyetutoa kwenye vitanda vyetu Jumapili kama hii, ukisema hata hilo ni fupi."

"Ndiyo."

"Ukasema kijana yule ni hatari."

"Nilisema."

"Na sasa?"

"Sasa ni mkwe wangu," nikasema. Binti yangu alikuwa mlangoni na sinia ya vikombe, nusura aiangushe. Nilikuwa sijawahi kulitamka hilo neno.

Wamekubali, kwa sharti kwamba apite mtaani polepole. Kelele ameapa mbele yao.

Jumamosi, 3 Mei

Nimegonga saruji tangu asubuhi. Mwalimu amekuja na sururu yake akasema hataki kuona mtu anaharibu kazi yake vibaya, kama ni kuharibu afanye mwenyewe. Tulikoroga zege zuri mwaka jana, nampa heko. Mikono inaniuma, kushika sindano sijui itakuwaje.

Jumapili, 4 Mei

Tuta limeshuka. Safari hii tumelipima. Maji yamepita, bwawa limekwisha, na kumbe ndilo lililokuwa likiingiza tope kwa jirani wa pili. Hakuwahi kulalamika, eti aliogopa hasira zangu. Nina hasira mimi?

Jumamosi, 10 Mei

Magurudumu madogo yamefungwa, kipande cha chuma kimerudi, mabomba yamenyooshwa. Kiti, ishirini na moja. Kisha tukaingia wanne na sanduku la spana, nikatoa kichwa dirishani kusikiliza. Hakuna kinachosuguana. Tuta tumelipita na nafasi ya viganja viwili. Mwalimu alipiga makofi.

Jumapili, 11 Mei

Mama amejaribu. Amekwenda na mkongojo mpaka langoni, akaligeuzia gari mgongo, akakaa. Kisha akageuza miguu, mmoja, halafu wa pili. Hakuna aliyemgusa. Akakaa humo akishika dashibodi, akashuka. Akapanda tena. Akashuka. Mara ya tatu nikamwambia atachoka, akasema, "Niache. Najifurahisha."

Jumamosi, 17 Mei

Ilikuwa twende leo. Mto umefunika daraja. Mama alikuwa ameshavaa.

Jumatano, 21 Mei

Daraja bado. Mtoto wa Mama Mdogo atafika tarehe thelathini. Nahesabu siku, na kila nikihesabu zinatoka zilezile. Mama amekaa dirishani na mkoba wake mdogo mapajani, hataki uwekwe chini. Naogopa, na leo ndiyo mara ya kwanza kuliandika hilo.

Ijumaa, 23 Mei

Hakuna tone tangu jana asubuhi. Kelele aliomba ruhusa kazini akaenda kuangalia daraja. Amerudi tope mpaka magotini. "Linapitika, mama. Kesho."

Jumamosi, 24 Mei

Naandika saa tatu usiku, mikono bado ina joto la siku.

Mama alivaa gauni nililomshonea mwezi huu, la kitambaa alichokitunza tangu kabla ya kuvunjika nyonga. Akaingia garini mwenyewe mbele ya mtaa mzima, maana wote walikuwa nje. Alipomaliza kuingiza mguu wa pili akaniambia, "Andika hiyo kwenye daftari lako." Nimeandika.

Safari ni saa moja na nusu. Mama alitazama kila kitu. Alisoma mabango kwa sauti, akauliza lile ghorofa lilijengwa lini, akashangaa pale palipokuwa na soko. Kwenye daraja Kelele alikwenda kama amebeba mayai, na mlima wa baada ya daraja ulipotaka nguvu akaomba radhi kwanza, "Bibi, hapa itabidi lipige kelele." Mama akasema, "Lipige, mume wangu. Kwani limekatazwa?"

Hatukuwa tumempa Mama Mdogo taarifa. Tulishamwahidi kupitia kwa jirani yake wiki iliyopita, tukamwangusha, hatukutaka kumwangusha mara mbili. Nilikuwa najiandaa kugonga mlango sana, maana masikio yake hayasikii mlango, hayasikii simu, mumewe humwita kwa kumtupia mto.

Barabara ya kwake inapanda. Kelele akakanyaga mafuta kidogo, mabomba yakaunguruma, tukakata kona.

Mama Mdogo alikuwa amesimama nje, katikati ya uwanja wake, mkono mmoja una mwiko, mwingine ameuweka kifuani. Anatazama upande tunaotokea.

Gari likasimama mbele yake. Hakututazama sisi, alilitazama gari. Akasema kwa sauti kubwa ya watu wasiojisikia, "Kitu gani hiki? Nimekisikia! Nilikuwa jikoni, nimekisikia tangu kule bondeni! Nilidhani mvua inarudi, nikatoka kuanua nguo." Kisha akasema tena, polepole, kama anayejiambia mwenyewe, "Nimesikia."

Hapo ndipo Mama alipofungua mlango. Akatoa mguu mmoja, akatoa wa pili, akasimama mwenyewe. Mama Mdogo aliangusha mwiko.

Sitaandika walivyolia, ni mali yao. Niandike tu kwamba walikaa mchana kutwa kitandani kwa mgonjwa, wameshikana mikono, wote wawili wanazungumza kwa wakati mmoja, mmoja hasikii na mwingine hajali, na yule mzee aliyelala anawacheka wote wawili. Nililia na mimi, nikaenda kulilia jikoni huku nikikoroga chungu chake kilichokuwa kimeungua.

Jioni, wakati wa kuondoka, Mama Mdogo alitusindikiza mpaka garini. Alimfunga Mama mkanda mwenyewe, akamshika mashavu. Halafu akazunguka mbele ya gari, akaweka kiganja chake juu ya boneti, akatutazama na kungoja.

Kelele hakuelewa. Amezoea kuambiwa apunguze. Akanigeukia akiwa na hofu usoni, kwamba labda amekosa tena.

"Kanyaga, mwanangu," nikamwambia. "Kanyaga, asikie."

Akakanyaga. Kuku walikimbia, madirisha yakatetemeka, majirani wakatoka. Mama Mdogo akafumba macho, kiganja kiko palepale, anatabasamu na kutikisa kichwa. Kelele alipoachia akafumbua macho, akanyoosha kidole kimoja hewani.

"Tena," nikasema.